Dereva wa boza anayejaribu barabara kabla nyumba hazijajengwa

Saa tatu kasoro robo asubuhi, katikati ya shamba lililovunwa alizeti, boza la maji la lita elfu kumi linatembea mwendo wa kinyonga kati ya mistari miwili ya chokaa. Hakuna nyumba wala ukuta. Kuna vigingi, kamba, mabua makavu, na mwanamke mmoja nyuma ya usukani anayeendesha kana kwamba kulia na kushoto kwake pana watoto wachanga wamelazwa.

Nyuma ya boza anatembea mzee mwenye filimbi mdomoni. Akipuliza mara moja, gari linasimama. Akipuliza mara mbili, linaendelea. Hapigi kelele za "njoo, njoo, kata kulia" kama utingo wengine. Anasema kelele humchanganya dereva, filimbi haimchanganyi mtu.

Mwanamke huyo ana miaka arobaini na saba, na karibu kila anayemfahamu humwita Mama Rivasi. Leo hajaja kuuza maji, ingawa tangi limejaa pomoni. Amelijaza makusudi, kwa sababu gari la zimamoto nalo huja na maji yake mgongoni, na gari tupu halitembei kama gari lenye mzigo.

Amekuja kujibu swali ambalo ramani imeshindwa kulijibu: siku nyumba arobaini na nane zitakaposimama hapa, gari kubwa likiitwa kwa dharura litageuzia wapi?

Pembeni, chini ya mwavuli, amesimama afisa mipango wa halmashauri, binti wa miaka thelathini na moja mwenye ramani iliyokunjwa mara nne. Hatua chache kutoka kwake yupo mwenye shamba, karani mstaafu wa benki aliyevaa viatu vya kung'aa vilivyokwisha kushika vumbi. Hawa wawili hawajasemeshana tangu wafike. Kila mmoja anaangalia tairi.

Boza linafika mwisho wa chokaa, mita mia nne na themanini kutoka barabara kuu. Mbele ni korongo. Mama Rivasi anakata usukani mpaka mwisho, anasogea mbele, anarudi nyuma, anasogea tena. Mzee wa filimbi anahesabu kwa vidole. Vidole vya mikono yote miwili vinapoisha, anaanza upya na kidole gumba.

Safari ya kumi na moja, tairi la mbele linavuka chokaa na kuingia mita tatu ndani ya kiwanja ambacho siku moja kitakuwa sebule ya mtu. Filimbi inalia. Mama Rivasi anazima gari, anashuka taratibu na kujifuta mikono kwa kanga aliyojifunga kiunoni juu ya suruali ya kazi.

"Hapa nimegonga ukuta," anasema. "Ukuta haupo bado, lakini nimeugonga."

Jina la Mama Rivasi alilipata mitaani, na alilipata kwa haki. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akipeleka maji kwenye mitaa ambayo mabomba hayajafika au yamefika yakakauka. Mingi ya mitaa hiyo ilikua yenyewe: mtu alimkatia nduguye, ndugu akamkatia jirani, na njia ikabaki kile kilichosazwa. Ukiingia na gari refu unakuta mbele pamezibwa, na hakuna pa kugeuzia.

Madereva wengi waliikwepa mitaa hiyo. Yeye aliichukua. Alijifunza kuingia kinyumenyume, vioo viwili tu ndiyo macho yake, hadi kwenye mlango wa mteja, ili akishamaliza atoke uso mbele. Watoto wa mitaa hiyo wakimwona anaanza kurudi nyuma huacha mchezo wao na kupanda juu ya kuta kumtazama. Ndio waliombatiza jina.

Kabla ya boza aliendesha trekta. Baba yake alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la watu, na binti alipofika kidato cha pili alikuwa tayari anajua kulima mstari ulionyooka kuliko kaka zake. Anasema kwamba watu walipomwuliza baba yake kwa nini anamfundisha mtoto wa kike kazi ya kiume, yule baba aliwajibu kuwa trekta halijawahi kumwuliza dereva wake swali hilo.

Mzee wa filimbi ni mjomba wake, kitinda mimba wa upande wa mama, mwenye miaka sitini na mitatu. Ujanani alikuwa mwamuzi wa mpira kwenye viwanja vya mtaani, na filimbi aliyonayo ndiyo ileile. Mpwa wake alimpa kazi ya utingo baada ya kuachishwa ulinzi kwa sababu ya umri. Mjomba hupenda kusema kwamba amekwisha kumpa mpwa wake kadi nyekundu mara mbili na mara zote mbili mwenye makosa alikuwa mwamuzi.

Kwa siku ya kawaida wanapiga safari sita. Siku ya kujaribu barabara, kama leo, wanapoteza safari tatu, na halmashauri haina fungu la kuwafidia zaidi ya mafuta ya gari. Tajiri mwenye boza alinung'unika mwanzoni. Siku hizi anaacha tu, hasa baada ya kusikia kwamba barabara ikipitisha boza lake, wakazi watakaohamia watalikumbuka boza hilo.

Lakini kwa nini dereva wa maji awe ndiye mpimaji wa njia ya zimamoto?

Jibu la afisa mipango ni jepesi. Boza la Mama Rivasi lina urefu wa mita nane na nusu na upana wa mita mbili na nusu bila vioo. Gari la zimamoto la mji huu halipishani nalo hata mita moja. Kituo cha zimamoto kina gari moja tu lililo zima, na mkuu wa kituo hawezi kulitoa lizungukezunguke mashambani wakati moto unaweza kuzuka popote. Boza halina king'ora, lakini kona inayolishinda boza italishinda na gari la zimamoto.

Afisa na Mama Rivasi walikutana mwaka jana ofisini kwa halmashauri, na walikutana kwa bahati. Mama Rivasi alikuwa amekwenda kwa mara ya tatu na daftari lake la mistari, akiomba mtu wa kulisoma. Mara ya kwanza karani wa mapokezi alimwelekeza kwenye sanduku la maoni. Mara ya pili alimwelekeza kwenye sanduku lilelile. Mara ya tatu daftari lilikuwa wazi juu ya meza ya mapokezi wakati binti wa mipango, mgeni kazini, alipopita akitafuta faili.

Alilitupia jicho, akapita, kisha akarudi. Ukurasa ulionyesha kichochoro kimoja kilichochorwa kwa kalamu ya risasi: upana mwanzoni, upana katikati, nguzo ya umeme iko upande gani, geti la nani linafungukia nje, mtaro usio na mfuniko uko wapi. Kulikuwa na kurasa arobaini na moja za namna hiyo.

Afisa alimchukua hadi chumba cha ramani, wakatandika makaratasi chini na kupiga magoti. Walichokiona kiliwaweka humo mpaka ofisi ikafungwa. Njia iliyoandikwa mita sita kwenye ramani ya halmashauri, daftarini ilikuwa mita nne na kidogo. Nyingine iliyochorwa kutokea barabara ya pili ilikuwa imezibwa na banda la kuku miaka mingi. Kila walipolinganisha, ramani ilikuwa na mji wake na daftari lilikuwa na mji wake.

"Nilisoma miaka minne kuchora barabara," anasema afisa. "Sikuwahi kumwuliza mtu anayerudi nyuma ndani yake."

Kuanzia siku hiyo alimwita kila mara shamba jipya lilipoletwa kugawanywa viwanja. Kwanza kwa kujaribu tu, akiwa na shaka kama wakubwa wake watakubali. Hili la alizeti ni shamba la nne.

Hapo shambani, boza likiwa limezimwa, mazungumzo yanaanza kuwa magumu. Upana wa barabara hauna tena ugomvi. Mwenye shamba alikuja na mita sita, akabishana wiki mbili, akakubali tisa. Kilichobaki ni mwisho wa barabara. Korongo linazuia kutokea upande wa pili, na jirani wa kushoto amekataa katakata kuuza hata ukanda wa kupita. Kwa hiyo barabara lazima ifie hapo, na inapofia panahitajika pa kugeuzia.

Afisa amechora duara la mita ishirini na sita. Kwenye karatasi ni duara zuri. Kwenye ardhi linamega viwanja vinne vya mwisho, na vikishamegwa vyote vinne vinakuwa vidogo kuliko kipimo kinachoruhusiwa. Maana yake haviuziki.

Mwenye shamba si mtu wa fujo. Anaeleza kwa sauti ya chini kwamba ardhi hiyo ni ya marehemu baba yao, na wao ni watano, tumbo moja. Hesabu ya nani anapata viwanja vingapi ilishafanywa, watu wakanuniana, wakapatana, na mmoja wao amekwisha kumwahidi binti yake kiwanja cha mwisho kabisa. Akirudi nyumbani na habari ya viwanja vinne kupotea, ataonekana amewauza ndugu zake. Kisha anauliza swali ambalo, kwa kweli, lina haki ya kuulizwa.

"Gari la zimamoto linakuja kwenye mtaa mara ngapi katika maisha ya mtu? Mara moja? Au hata hiyo moja haipo?"

Afisa anafungua mdomo kujibu kwa takwimu. Mama Rivasi anamgusa mkono. Anavuta ndoo, anaifudikiza, anaikalia, na kumwomba mwenye shamba naye atafute pa kukaa. Mjomba anajua kinachokuja. Anaondoka kwenda kukagua matairi ambayo hayana tatizo lolote.

Ilikuwa miaka minne iliyopita, siku ya Jumanne, saa nane mchana. Mama Rivasi alikuwa na safari mbili zimebaki na pampu ya kisimani ilikuwa imemchelewesha. Alifika kwenye kichochoro chenye urefu wa mita mia moja na themanini, ukuta huku na ukuta huku, mwisho wake ukuta wa ghala. Kwa kawaida angeingia kinyumenyume. Siku hiyo, kwa sababu ya haraka, aliingia uso mbele. Alijiambia mara moja haina neno.

Alikuwa katikati ya kichochoro, mpira wa maji umepanda ukutani na maji yanaingia kwenye tangi la mteja, aliposikia king'ora nyuma yake. Gari la wagonjwa lilikuwa limeingia na kusimama kwenye bampa la boza. Mgonjwa alikuwa mbele, nyumba ya mwisho: fundi cherehani mmoja aliyekuwa ameanguka juu ya mashine yake, mdomo umepinda upande.

Wauguzi wawili walishuka na machela, wakajaribu kupita kando ya boza. Nafasi kati ya gari na ukuta haikutosha bega la mtu mzima. Walijaribu upande wa pili, ambako ilikuwa vilevile. Mmoja alitambaa chini ya boza akafika kwa mgonjwa, lakini machela haikuweza kutambaa.

Basi ikabidi gari la wagonjwa lirudi nyuma hadi barabara kuu, na nyuma yake kulikuwa na pikipiki, mkokoteni na watu waliokuja kushangaa. Kisha mpira uvuliwe. Kisha boza lirudi mita mia na kumi. Kisha gari la wagonjwa liingie upya. Dereva wake aliandika muda kwenye kitabu chake cha safari, na Mama Rivasi aliomba kuuona: dakika ishirini na tatu.

"Mimi nimerudi nyuma maelfu ya mara," anasema, macho yakiwa kwenye mabua. "Siku ile niligusa ukuta mara mbili. Nilikuwa namsikia mke wake anaita jina lake."

Fundi hakufa. Alirudi nyumbani baada ya wiki tano, akiongea polepole, na mkono wa kulia hauna kazi tena. Ulikuwa mkono wa mkasi.

"Hakuna daktari aliyeniambia kuwa ni zile dakika," anasema Mama Rivasi. "Na hakuna aliyeniambia kuwa sizo. Nimekaa na hilo mwaka wa nne huu."

Alimaliza miezi miwili bila kuthubutu kupita mtaa ule. Mjomba ndiye aliyemsukuma. Walikwenda wote wawili, wamevaa nguo za heshima kama wanaopeleka posa, wakakaribishwa na mke wa fundi bila maneno mengi. Mama Rivasi alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi tangu jana yake. Alipoyatoa yalitoka nusu, nusu nyingine ikazama kwenye kilio.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Alipojibu hakuzungumzia msamaha. Aliuliza, neno moja moja, gari lake lina urefu gani. Akauliza upana. Akamwomba mkewe kipande cha kitambaa na chaki, na kwa mkono wa kushoto, mstari ukiyumba, akachora kichochoro na boza ndani yake.

Alipokitazama, alisema kitu ambacho Mama Rivasi hukirudia kila anapoulizwa alianzaje: kwamba waliokata mtaa ule walikata nguo bila kuacha nafasi ya mshono. Mwili ukiongezeka kidogo tu, inachanika.

Ni fundi huyo aliyemfundisha kuchora kwa kipimo, sentimita moja kwa mita mbili, na ni mkewe aliyemshonea mfuko wa daftari. Mke sasa ndiye anayeshona sare za shule; fundi anapima wateja, anaita namba, na mkewe anakata. Mama Rivasi huwapelekea maji, na huingia kinyumenyume hata kama kichochoro ni kitupu.

Haya yote mwenye shamba anayasikiliza akiwa amekaa juu ya rundo la mabua, viatu vyake vimeachwa vijichafukie vitakavyo. Hadithi inakwisha. Kisha anauliza kama fundi huyo ana watoto. Anaambiwa watatu. Anatikisa kichwa.

Lakini huruma peke yake haiwezi kumrudishia viwanja vinne, na Mama Rivasi analijua hilo. Anainuka kutoka kwenye ndoo, anamwomba afisa ramani, anaigeuza juu chini, kisha anasema jambo lililomshangaza afisa mwenyewe.

"Mimi sihitaji duara. Duara ni la mtu anayeogopa rivasi. Nipe mkono mmoja tu."

Anachotaka ni hiki: kiwanja kimoja kabla ya mwisho, barabara itoe mkono wa pembeni, upana mita saba, urefu mita kumi na tano. Gari linaupita mkono, linarudi nyuma kuingia ndani yake, kisha linatoka uso mbele kuelekea barabara kuu. Yeye amekuwa akiitafuta mikono ya namna hiyo mitaani kwa miaka kumi na tisa: uwanja wa mtu usio na geti, kituo cha mafuta kilichofungwa, pengo la nyumba iliyobomoka.

Afisa anasema kitu kama hicho kimo kwenye vitabu vyake, ila hakuwahi kukiona kikifanya kazi, na duara ndilo alilozoea kuchora. Anapiga magoti kwenye vumbi na kikokotoo cha simu. Baada ya muda anainua uso. Kinapotea kiwanja namba ishirini na tatu peke yake. Mabaki yake hayatoshi kuwa kiwanja, lakini yanaweza kugawanywa kwa majirani wawili, na viwanja vyao vikauzwa kama viwanja vikubwa.

Mwenye shamba anauliza kama inawezekana kuona. Hilo tu, kuona.

Mjomba anarudi na mfuko wa chokaa. Wanachora mkono kwa kamba na vigingi, kila mtu akishika ncha, karani mstaafu akiwa ameshika kigingi kwa mikono miwili kama mtoto aliyepewa mshumaa. Mama Rivasi anapanda garini.

Jaribio la kwanza linaharibika. Mkia wa boza unaingia vizuri, lakini wakati wa kutoka tairi la nyuma linakanyaga pembe ya chokaa, na filimbi inalia. Mwenye shamba anageukia pembeni kama mtu aliyejua tangu mwanzo kuwa haitawezekana. Mama Rivasi anashuka, anaitazama alama ya tairi, anainama, na kwa kiganja anaifuta pembe ile na kuichora upya ikiwa imeviringwa.

Jaribio la pili, boza linapita, linasimama, linarudi nyuma kwa mkunjo mmoja, linazama ndani ya mkono, linatoka. Hakuna chokaa iliyoguswa. Filimbi imekaa kimya. Afisa anatazama simu yake: sekunde hamsini na mbili.

Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Mwenye shamba aliomba kujaribu mwenyewe kwa pikapu yake. Alijaribu mara tatu, mara ya tatu akaweza, akatoka akicheka peke yake. Kisha akaomba apande boza, akae kiti cha abiria, warudie. Aliporudi chini alikuwa na maswali mengi kuliko mtu yeyote shambani: gari likija na lingine liko ndani itakuwaje, ngazi ya zimamoto inazidi bampa kwa kiasi gani, usiku dereva mgeni atajuaje mkono uko upande upi.

Alibakiza swali moja. Aliuliza: na mtu akiegesha gari lake kwenye huo mkono?

Baada ya siku hiyo shambani, wiki tatu zilipita kabla ndugu watano hawajakubaliana. Mwenye shamba anasema kikao cha kwanza kiliisha kwa dada yao mkubwa kuondoka bila kuaga. Cha pili walikifanyia shambani, juu ya chokaa, na aliwaomba wote watembee hadi mwisho wa barabara na kurudi wakiwa wamembeba mdogo wao kama mgonjwa juu ya mlango wa zamani, watu wanne, kila mmoja pembe yake. Kaka wa pili aliomba kupumzika kabla hawajafika nusu. Hasara ya kiwanja namba ishirini na tatu waliamua kuigawana sawasawa.

Ramani iligongwa muhuri mwezi uliopita. Mawe ya mipaka yamepandwa, na kwenye kiwanja cha saba mtu amekwisha kuchimba msingi. Kwenye mikataba ya mauziano kumeongezwa kifungu kifupi, ambacho afisa anasema hajawahi kukiona kwingine: hakuna kuegesha gari, kumwaga mchanga, kupanda ua wala kuweka genge la mboga kwenye mkono wa kugeuzia.

Mama Rivasi amesomewa kifungu hicho na amekipenda, ila hakiamini. Anasema chokaa haina tabia, watu wanazo. Leo mtu atamwaga mchanga wa siku mbili, utakaa miaka miwili. Kesho mwingine ataotesha nyasi nzuri, na nani atakuwa na moyo wa kuzikanyaga.

Kwa hiyo amejipangia kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Ameshaongea na mkuu wa kituo cha zimamoto, ambaye amemwahidi dereva wake mmoja atakuja naye, na ameshamwambia tajiri wake kwamba Jumamosi moja kila mwaka boza halitauza maji. Siku hiyo atapita kwenye mashamba yote manne aliyoyajaribu, nyumba zikiwa zimejengwa na watu wakiwa ndani, na ataingia kila mtaa mpaka mwisho.

Anaulizwa atafanya nini akikuta mkono umezibwa, maana yeye si askari wala si mtu wa halmashauri. Mama Rivasi anacheka, anapanda garini, anarekebisha kioo cha kushoto.

"Nitapiga honi," anasema. "Nitapiga mpaka mwenye gari atoke na sahani yake mkononi. Atanitukana, nitamsubiri amalize. Halafu nitamwomba asogee, nigeuze, niende zangu. Na mwaka unaofuata nitarudi."